Hodi kwenye Mashimo ya Likombe

Balozi wetu alikuwa anapiga hodi kwenye mashimo ya buibui. Sisemi kwa mafumbo. Alikuwa akipiga magoti chini ya mkorosho, kanga kaikaza kiunoni, mdomo kausogeza kwenye tundu lisilozidi upana wa kikombe cha kahawa, halafu anasema kwa sauti ya mtu mstaarabu aliyefika kwa watu, "Hodi humu ndani!" Kisha anangoja. Kule kungoja ndiko kulikonimaliza mimi, maana alingoja kwa adabu, awape wenyeji nafasi ya kuvaa. Akisharidhika anachukua bua la nyasi, analiingiza polepole, analitikisa, na huko ndani kitu kinalidaka. "Wamesema karibu!" anapiga kelele, na sisi wanawake wa nyumba kumi tunatawanyika mbio huku na huku, wengine wamepoteza kandambili, wote tunacheka mpaka mbavu zinauma.

Nilimkuta mtaani Likombe nilipoolewa. Nyumba yetu ilikuwa ya mwisho katika zile kumi zake, upande wa mikorosho. Jina lake kila mtu alilijua na hakuna aliyelitumia. Hata mumewe alimwita Balozi, na kwa jinsi nilivyomwona yule mzee, sidhani kama alibadilisha wakiwa wawili tu chumbani. Miaka ile balozi wa nyumba kumi ndiye aliyekuwa serikali yako ya kwanza. Mbuzi kala mihogo ya jirani, unakwenda kwa balozi. Mume karudi na maneno ya pombe ya mabibo kichwani, unakwenda kwa balozi. Sukari imefika duka la ushirika, balozi ndiye anayepita kila mlango kusema foleni inaanza wapi.

Lakini kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya wageni. Sheria ilikuwa mgeni yeyote akilala kwako, balozi apewe taarifa. Mabalozi wengine walilichukulia jambo hili juujuu. Huyu wetu, ukilaza mgeni bila kumwambia, asubuhi unamkuta kashakaa ukumbini kwako, anakunywa uji wako, anangoja utambulisho. Shangazi yangu alipokuja kutoka Newala aliulizwa katoka wapi, anakwenda wapi, atakaa mpaka lini, anapenda mboga gani, na kama anakoroma.

"Kukoroma kunaihusu nini serikali?" shangazi akauliza, kakasirika.

"Serikali haimo," Balozi akajibu. "Ila nyumba ya pili ina ntoto nchanga, na ukuta ni wa fito."

Hayo yote hakuyaandika popote. Kuandika hakukuwa kazi yake, na daftari aliloletewa na Chama alilitumia kufunikia maji. Wageni wote aliwaweka kichwani, na hata miaka baadaye aliweza kukukumbusha kuwa binamu yako wa Masasi aliondoka na beseni lako.

Sasa hii biashara ya buibui iliingiaje? Iliingia na mnunuzi mmoja wa Dar es Salaam, mtu mrefu mwenye soksi zilizovutwa hadi magotini, aliyekuja na landrova kila baada ya mvua. Alikuwa na kibali chenye mihuri mingi. Alinunua nyoka, mijusi, vinyonga, na hasa wale buibui wetu wa mashimoni, wa rangi ya ganda la chungwa lililokauka, wenye manyoya na ukubwa wa kiganja cha mtoto. Wote walipandishwa ndege kwenda Ulaya na Marekani, ambako, alituapia, watu huwafuga sebuleni ndani ya vioo, huwalisha, huwatazama, na hawawali. Tulimwona mwongo mkubwa. Balozi peke yake alimwamini papo hapo. Alisema mtu anayeishi kwenye baridi vile lazima atafute kitu chenye manyoya cha kukaa nacho.

Ilikuwa miaka ya kufunga mkanda. Dukani kulikuwa na rafu, na kwenye rafu kulikuwa na vumbi. Mnunuzi alikuwa mjanja, akalipa kwa vitu: miche ya sabuni, mafuta ya taa, mara nyingine vitenge. Balozi alivipokea vyote na kuvigawa nyumba hadi nyumba kwa kamba ya kupimia, na ole wako useme kipande chako cha sabuni ni kifupi, maana alikipima tena mbele ya watu na kukuaibisha. Na huyu ndiye mwanamke aliyewaandama walanguzi kuliko polisi! Siku moja muuza nguo mmoja, ambaye Balozi alikuwa kamfukuza mtaani, alimuuliza hadharani: yeye na makopo yake ya buibui, huo si ulanguzi?

"Nlanguzi anaficha kitu watu wanachokitaka," Balozi akasema. "Nangu, mimi, natoa kitu ambacho hakuna anayekitaka. Haya, nani anataka? Anyooshe nkono nimpe." Akafungua kifuniko cha kopo, na muuza nguo akaondoka bila kuaga.

Buibui hakuwaogopa kabisa. Wetu wale ni wakali, mmoja akiguswa anasimama kwa miguu ya nyuma, ananyanyua ya mbele, anaonyesha meno, na akikuuma mkono unavimba unashindwa kushika mchi. Balozi aliumwa si mara moja, akawa anaunyanyua mkono uliovimba na kututembezea tuuone, anajisifu. Ila mwanamke huyohuyo, umwonyeshe kinyonga! Kinyonga, kiumbe asiye na haraka wala ugomvi na mtu. Mnunuzi alipomwomba amtafutie vinyonga, akatoa mmoja mfukoni kwa mfano, Balozi alitoka pale akapita shamba la mihogo, akapita uwanja wa shule, wakamkuta huko mtaa wa Mtawanya amekaa kwa watu asiowajua, anaomba maji. Tangu siku hiyo ikawa ukitaka Balozi afupishe mkutano, unatazama juu ya mti na kusema, "Lo!" Nilifanya hivyo zaidi ya mara moja na sijutii.

Mumewe alikuwa mlinzi wa ghala la korosho, mtu mpole wa sala tano, na yeye kinyume chake: kinyonga alimbeba mkononi, buibui alimtoa jasho. Makopo yalipokuwa mengi ndani, alihamishia mkeka wake ukumbini akasema anafuata upepo. "Nnume wangu analinda ghala," Balozi alikuwa akisema, "na mimi namlinda yeye."

Basi mara nyingine makopo hayo aliyapeleka mwenyewe mjini, kumfuata mnunuzi alikofikia. Nilipanda naye lori la ushirika siku moja, tumebanana juu ya magunia ya korosho, yeye kapakata kopo la maziwa lenye matundu kwenye kifuniko. Bwana mmoja mwenye shati jeupe akamwambia alisogeze, linamchoma ubavu. Halikusogea. Akauliza kwa ukali lina nini la maana hata lipakatwe hivyo.

"Wageni wa watu," Balozi akasema, akalifungua kidogo ili wapate hewa.

Lori lilisimama kwa kelele zetu. Dereva alidhani kuna mtu kaanguka. Kuanzia pale hadi Ufukoni mjini tulisafiri mimi, Balozi na magunia, tumenyoosha miguu, wenzetu wanatembea nyuma katika vumbi na kututukana. Nilicheka hadi nikapata kwikwi. Nilimpenda sana siku ile, na nakiri nilimpenda siku nyingi.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo hakulifanyia mzaha, nalo ni mashine ya kusaga. Makopa tuliyatwanga kwa mchi kila alfajiri, muhogo mkavu kama jiwe, na mikono ya wanawake wa Likombe ukiishika gizani ungedhani ni ya wachukuzi wa bandarini. Balozi alitaka mashine, ya dizeli, ya kukaa kati ya nyumba zetu na itumike na wote. Mkutano uwe wa kipindupindu, yeye anauliza mashine. Mkutano uwe wa kupokea mwenge, yeye anauliza mwenge ukishapita mashine inakuja lini. Akikosa jibu ananyoosha viganja vyake mbele ya viongozi na kukaa hivyo mpaka mmoja wao aangalie pembeni. Mimi nilikuwa mgeni kwa kutwanga kiasi kile, malengelenge yangu yalipasuka juu ya malengelenge, na kila aliposema mashine nilikuwa wa kwanza kupiga makofi.

Ndipo akaja yule mgeni.

Mnunuzi alimleta ndani ya kisanduku cha kioo, kapewa na wateja wake wa ng'ambo. Alikuwa buibui jike, mweusi, mnene kuliko wetu mara mbili, na manyoya mekundumekundu mgongoni. Alitoka Amerika ya Kusini, bara la ng'ambo ya bahari nyingine kabisa. Mnunuzi alikuwa anashuka kwenye mdomo wa mto Ruvuma kutafuta kenge na mijusi, barabara ya mchanga na mashimo, akaogopa kioo kitavunjika. Akamwomba Balozi amtunzie mpaka arudi.

Mtu mwingine angeweka kisanduku uvunguni. Balozi alipita nyumba zote kumi kutoa taarifa. "Nina ngeni," alisema kila mlangoni. "Katoka mbali kuliko ngeni yeyote aliyewahi kulala huku. Njooni kunsalimia." Na sisi, kwa kuwa mgeni ni mgeni, tulikwenda. Tulikwenda na zawadi! Hili sasa ndilo linaloweza kutokea kwetu tu. Mwingine kaleta panzi, mwingine mende kafungwa kwenye pindo la kanga, mke wa fundi baiskeli kaleta senene wakubwa aliowatafuta asubuhi nzima. Ilikuwa aibu kwenda mikono mitupu. Mgeni alikula vyote. Wetu wa mashimoni hupokea chakula kwa ngumi. Huyu alipokea taratibu, akatambaa juu ya mkono wa Balozi, akatulia. "Mpole jamani," tukasema. "Kalelewa huyu." Zawadi zikaongezeka.

Balozi alipagawa. Alimtoa apunge upepo jioni. Alimsimulia habari za mtaa. Alifikia kumpeleka mkutanoni, ili katibu kata aliyekuja kuhutubia juu ya kilimo naye apewe taarifa ya mgeni kama wengine. Katibu alikuwa mtu wa heshima zake, suti ya mikono mifupi, kalamu mbili mfukoni. Hakutaka kuonekana mwoga mbele ya wananchi. Akainama karibu kabisa na kisanduku, akasema, "Aa, mdudu mzuri," na mgeni akageuka, akampa mgongo, akajikuna kwa miguu ya nyuma haraka haraka. Hatukuona kitu kikiruka. Kumbe buibui wa kwao huko hawaumi kwanza, hutupa manyoya, na manyoya yale ni upupu mtupu.

Katibu alianza hotuba vizuri. Alipofika kwenye mbolea akajikuna shingo. Kwenye palizi akajikuna shingo na kidevu. Ilipofika kunyunyizia dawa mikorosho, alikuwa anajikuna kwa mikono yote miwili, anaruka mguu mmoja hadi mwingine, sauti inapanda, machozi yanamtoka. Wananchi walikuwa hawajawahi kuona kiongozi mwenye uchungu wa kilimo namna ile. Tulipiga makofi, tukapiga vigelegele, wazee wakasimama. Hata mumewe Balozi, ambaye hakupenda mikutano, alisema lile ndilo lililokuwa limekosekana siku zote.

Wiki chache baadaye Balozi alikuja kwangu asubuhi, kanga kaivaa kinyume, akanivuta mkono hadi kwake. Mgeni alikuwa kakumbatia mfuko mweupe wa utando, ukubwa wa ndimu. "Kazaa," Balozi akasema. "Mwali, ngeni wangu kazaa!" Tulipiga vigelegele mpaka mama wa nyumba ya tatu akaja na maji ya moto, akidhani ni mwanamke.

Mnunuzi aliporudi kutoka Ruvuma alikuwa mchafu na amechoka, lakini alipouona ule mfuko alikaa chini akashika kichwa kwa furaha. Akatuita wote tusikie. Ndani ya mfuko, alisema, kuna watoto wasiohesabika. Huko Ulaya wanatafutwa kuliko wetu kwa sababu ni wapole na wazuri. Ushauri wake ulikuwa huu: watoto wakitoka, Balozi awaachie mikoroshoni. Udongo ni mzuri, joto ni zuri, watajichimbia wenyewe na kuzaana, na baada ya miaka michache sisi ni kuchimba tu kama muhogo. Shamba la buibui! Na kwa kuanzia, kama ahadi ya ushirika wetu, alikuwa na mashine ya kusaga ya dizeli kwa ndugu yake Lindi. Angeileta safari hiyohiyo, kabla ya mvua, na kuifunga pale pale kati ya nyumba zetu.

Sijui nani alianza kucheza. Nadhani ni mimi. Tulicheza hadi vumbi likaingia kwenye mboga, tukaviinua vinu vyetu na kuvitupa chini, mmoja akapanda juu ya kinu chake akakihutubia, akakiambia kazi imekwisha, kikapumzike. Mnunuzi akaondoka kwenda Lindi, watoto wanakimbilia landrova. Katika shamrashamra zile niligeuka kumtafuta Balozi, nikamkuta kakaa kwenye kizingiti na kisanduku magotini, kanyamaza. Balozi kunyamaza! Nikamuuliza kama anaumwa.

"Wanatoka wangapi?" akaniuliza.

"Kasema hawahesabiki."

"Sasa mimi nitapokeaje taarifa zao?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Siku zilizofuata alikuwa anakwenda mikoroshoni peke yake, anapiga hodi shimo baada ya shimo, anadakwa bua, anatazama tundu. Wanawake wakaanza kunong'ona. Nikamfuata, maana mimi alinipenda, nikamwambia kila mtu anangoja mashine.

"Umewahi kufika Dar?" akaniuliza. "Umewaona kunguru wale wenye shingo ya kijivu? Waliletwa Zanzibar na watu wenye akili zao, wasafishe mji, wale uchafu. Wakaja pwani huku bara. Sasa wanakula mayai ya ndege, wanakula vifaranga, wanamnyang'anya ntoto andazi nkononi. Ndege wadogo wa mjini wamekwenda wapi? Waliowaleta wamekufa, na wale wapo."

"Huyu mpole," nikasema.

"Mpole kwenye sanduku. Hawa wetu," akagonga udongo karibu na shimo, "wana shimo moja moja. Wakija mia kwa mia, wanene, wanatupa upupu, hawa watapiga hodi kwa nani?"

Nilikasirika. Nilimwambia maneno ambayo mnunuzi mwenyewe alikuwa kayasema kabla ya kuondoka: mkorosho huu tulio chini yake nao uliletwa, ulitoka bara lilelile la huyo buibui. Muhogo nao uliletwa. Angekuwepo balozi kama yeye zamani, tungekuwa tunakula ming'oko, mizizi ya porini, mpaka leo.

Alifikiri. Hili lilimuingia, niliona. Alichukua jani la mkorosho akalikunja, akalikunjua.

"Nkorosho tulipanda kwa nkono," akasema. "Ukinikosea naukata, nakoka moto. Huyu akinikosea, nitanfuata mashimo mangapi? Ngeni unamkaribisha ukijua unaweza kunsindikiza. Huyu nikishanfungulia, simsindikizi tena milele."

Aliporudi nyumbani alikuta mfuko umeanza kulegea upande mmoja. Hakungoja. Alimtoa mama kwa bua, taratibu, akamweka kwenye kopo. Akabandika sufuria, maji yakachemka, na sisi tukiwa tumesimama mlangoni akautumbukiza mfuko ndani. Alilia. Alilia kwa sauti, kama mtu aliyefiwa, akisema, "Nnisamehe, ngeni wangu, nnisamehe," na hakuna aliyempa pole, kwa sababu na sisi tulikuwa tunalia, sisi tunalilia mashine. Mumewe tu ndiye aliyeingia. Aliingia kwenye chumba chenye buibui yule, jasho linamtiririka, akakaa karibu na mkewe akamshika bega.

Balozi alipotoka ukumbini kukunjua kanga aliyokuwa kaitandika chini ya kisanduku, akaona kadudu kamoja, kadogo kuliko mbegu ya mchicha, kanatembea. Akanyoosha kidole. Upepo ukapiga kanga, kadudu kakawa hakapo. Tulipekua ukumbi mzima hadi jua kuzama, hatukukaona.

Mnunuzi alirudi na mashine kweli. Tuliiona kwa macho yetu nyuma ya landrova, imefunikwa turubai, miguu ya chuma imechomoza. Balozi akamkabidhi kopo lenye mgeni wake, akamweleza. Sikusikia walichosemezana, ila landrova iligeuzwa bila kuzimwa. Mashine ikaondoka, na sabuni ikaondoka nayo, kwani hakurudi tena.

Kesho yake alfajiri tulifanya jambo ambalo hatukupanga wala kujadiliana. Kila mmoja alibeba kinu chake, tukaenda kutwanga mbele ya ukumbi wa Balozi ili asikie vizuri. Michi ilishuka kwa pamoja, ardhi inatikisika. Mlango ukafunguliwa. Akatoka na kinu chake mwenyewe, mchi begani, akajitafutia nafasi katikati yetu, akatutazama mmoja mmoja, akaanza kutwanga. Akatwanga kuliko sisi wote. Halafu akaanzisha wimbo, wa kumdhihaki balozi mmoja aliyekataa mashine kwa ajili ya wadudu, anautunga palepale, kila ubeti mkali kuliko uliotangulia, mpaka mke wa fundi baiskeli akaangua kicheko, na akishacheka yule hakuna anayeweza kujizuia. Tulirudi kila siku kutwanga pale. Pakawa ndipo mahali petu.

Lakini yeye hakusahau kale kadudu. Mwaka hadi mwaka, baada ya mvua, nilimwona mikoroshoni na bua lake, hauzi tena chochote, anakagua tu. Akidakwa bua kwa hasira, anasema, "Huyu wetu." Shimo likiwa tupu anasimama muda mrefu.

Tulihama Likombe, mfumo wa nyumba kumi ukapoteza nguvu, mume wake akafariki. Miaka mingi ikapita hadi juzijuzi niliposikia yuko Ufukoni kwa binti yake, macho hayaoni vizuri. Nilikwenda kumsalimia. Nilipopiga hodi tu, kabla sijasema jina, akauliza kutoka ndani, "Umetoa taarifa kwa nani?" Nikajua ni mzima.

Alikuwa mdogo, kakauka, meno machache, kicheko kilekile. Hakutaka chai. Alitaka apelekwe Likombe. Binti yake akasema kila siku anasema hivyo. Basi nikachukua bajaji, tukaenda, akinishika mkono kwa kiganja ambacho miaka haikukilainisha.

Mikorosho mingi imekatwa, nyumba za matofali zimejaa, mashine za kusaga zinanguruma karibu kila kona. Alisikiliza ngurumo ile, akatabasamu. Tulipata mikorosho michache nyuma ya ukuta wa mtu. Nikatafuta, nikaona tundu lenye utando mdomoni. Nikamwongoza akapiga magoti, na mimi nikapiga magoti, watu wazima wawili tumeelekeza makalio kwenye nyumba ya watu.

"Hodi humu ndani," akasema. Akangoja. Mimi nikaanza kucheka, akanifinya. Akaingiza bua, akatikisa. Likadakwa.

"Sogeza uso," akaniambia.

"Nani, mimi?"

"Mimi sioni, mwali. Sogeza uso. Akitupa upupu, utajua."

Nikasogeza uso. Najiuliza hadi leo kwa nini nilikubali, mwanamke mwenye wajukuu. Buibui akatoka nusu, akasimama kwa miguu ya nyuma, akaninyanyulia mikono.

"Rangi?"

"Ya ganda la chungwa."

"Kageuka? Kakupa mgongo?"

"Hajageuka. Kaling'ata bua, Balozi, anataka kuning'ata na mimi."

Akakaa chini mchangani, kama aliyetuliwa mzigo kichwani. Alicheka hadi machozi yakamtoka, na mimi nikacheka na kulia pamoja naye, na mwenye nyumba akachungulia juu ya ukuta akatutazama na kurudi ndani. Kisha akaninyooshea viganja vyake vyote viwili, kama alivyokuwa akiwanyooshea viongozi, na hakuvirudisha mpaka nilipoviweka ndani ya vyangu.

"Basi mikono yetu haikuuma bure," akasema.

Nilimnyanyua tuondoke. Hapo ndipo nilipomwona kinyonga, mkubwa, wa kijani, kakaa kwenye tawi karibu kabisa na bega lake, jicho moja linamtazama yeye na lingine linanitazama mimi. Zamani ningesema "Lo!" Nikamshika kiuno, nikamgeuza, nikampitisha upande wa pili kwenye majani marefu.

"Mbona tunazunguka?" akauliza.

"Kuna mwenyeji kakaa pale njiani," nikamwambia. "Tusimsumbue."

Akakubali mara moja, akashika kanga yake vizuri, akapita kwa adabu.